Vifaranga wa uani: umwachie mama au uwalee kwenye bruda?

Mwenye kuku kumi uani hulazimika kuamua jambo hili mapema kuliko alivyodhani. Siku moja mtetea anaacha kutaga, anang'ang'ania kiota, na ukimsogelea anavimba manyoya na kukudonoa mkono. Sasa umwache aatamie, aangue na kulea mwenyewe, au mayai yaende kwenye mashine na vifaranga walelewe kwenye bruda, yaani sehemu iliyozungushiwa na kupashwa joto la taa au mkaa? Njia zote mbili hutoa kuku wakubwa. Tofauti iko mahali ambapo kila moja inapoteza vifaranga, na ni nani anayebeba kazi: kuku au wewe.

Kabla ya kulinganisha, angalia kuku ulio nao. Sasso na Kuroiler huatamia kwa nadra sana, kwa hiyo mwenye kundi la chotara peke yao hana mama wa kutegemea. Atatumia bruda, au atafuga makoo wawili watatu wa kienyeji kwa kazi ya kulea tu. Wa kienyeji ndio wenye moyo wa kukaa kwenye kiota siku 21 bila kubembelezwa. Maelezo yafuatayo yanawahusu wao kwanza.

Mama anagharimu muda

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15 kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo huchukua kama siku 18. Ongeza siku 21 za kuatamia. Ukimwacha atembee na watoto mpaka awafukuze mwenyewe, ni miezi miwili na nusu mingine. Mzunguko mmoja unakula karibu siku 114, yaani mikupuo mitatu kwa mwaka na mayai 40 hivi.

Ukiwatenga vifaranga wakiwa na wiki nne, mama anarudi kutaga baada ya kama wiki mbili, na mzunguko unashuka hadi siku 80. Ukiwachukua siku ya kwanza tu, unaweza kufika siku 60. Hapo ndipo wengi wanapovutiwa na bruda, na hesabu ni ya kweli. Lakini koo anayeatamia hula kidogo mno. Huinuka kiotani mara moja kwa siku, dakika 15 au 20, akanywa, akadonoa, akajisaidia, akarudi. Ukimlaza mikupuo sita mfululizo atabaki mifupa na manyoya, na utitiri utammaliza. Anayechukua vifaranga siku ya kwanza amwache kuku yule yule aatamie mara mbili tu kwa mwaka, mikupuo mingine iwe ya kula au kuuza, na ampe gramu 100 hadi 120 za chakula kamili kwa siku badala ya kumtegemea kujitafutia.

Bruda inagharimu moto

Kwa vifaranga 50, wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, lipimwe usawa wa mgongo wa kifaranga. Wanaopima juu ukutani hupata namba nzuri huku chini kukiwa na baridi. Kila wiki shusha nyuzi tatu hivi mpaka ufike 21 au 24. Dar es Salaam na Tanga, mwezi wa Januari, mchana unaweza kuzima kabisa kuanzia wiki ya pili. Iringa, Njombe na Mbeya mwezi wa Juni utawasha hadi wiki ya nne au ya tano, usiku kucha. Tofauti hii peke yake inaweza kubadilisha uamuzi.

Piga hesabu ya umeme kabla hujanunua balbu. Balbu ya wati 100 ikiwaka saa 24 hula uniti 2.4 kwa siku, uniti 34 hivi kwa wiki mbili. Taa nyekundu ya joto ya wati 250 hula uniti 6 kwa siku, uniti 84 kwa wiki mbili. Kwa aliye kwenye kundi la D1 la TANESCO, la wanaotumia umeme kidogo, lenye mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, taa moja hiyo inamtoa kwenye bei nafuu bila hata kuhesabu friji na pasi. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazifai kabisa: zinatoa mwanga, hazitoi joto, na kila mwaka kuna watu wanaopoteza vifaranga kwa kuziamini.

Jiko la mkaa ni njia ya wengi na linafaa, kwa masharti. Mkaa uwashwe nje mpaka uwe mwekundu na moshi uishe, ndipo jiko liingie ndani, lifunikwe kwa chungu au debe lililotobolewa, na lizungushiwe wavu umbali wa sentimita 30 ili kifaranga asiunguzwe. Juu ya ukuta pawe na uwazi wa hewa. Hewa ya mkaa haina harufu na huua kimya kimya: asubuhi unakuta vifaranga wamelala kama walivyolala jana, wote wamekufa. Mtu asilale chumba hicho hata usiku mmoja.

Jinsi kila njia inavyopoteza vifaranga

Hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa inapopotelea.

Kifaranga anayelelewa na mama anakufa nje. Mwewe anamchukua asubuhi. Mijini pwani, kunguru yule wa kijivu shingoni, aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, ni mbaya zaidi kuliko mwewe kwa sababu wanakuja wengi: mmoja anamchokoza mama, mwingine ananyakua. Kuna nguchiro, kicheche, kenge na paka wa jirani. Kuna mvua ya ghafla inayowakuta kwenye nyasi ndefu, na kuna uchovu: mama anatembea kutwa, na kifaranga wa siku tatu hawezi kumfuata. Anayeachia kuku na watoto wake tangu siku ya kwanza asishangae akianza na kumi na mbili na kubaki na wanne.

Kifaranga wa bruda anakufa ndani, na mara nyingi kwa kosa la mtu. Umeme unakatika saa nane usiku, vifaranga wanarundikana na kulaliana, wa chini wanakosa pumzi. Bruda ina kona nne, wanajibana konani, matokeo ni yale yale. Maji yanamwagika, maranda yanalowa, na kati ya wiki ya tatu na ya sita kuhara damu kunaingia. Gazeti laini limetandikwa chini, miguu inateleza na kupanuka kushoto na kulia, kifaranga hasimami tena.

Kwa hiyo usiulize ni njia ipi isiyoua. Jiulize ni hatari zipi unaweza kuzizuia ukiwa na nyumba yako, kazi yako na saa zako. Aliye kazini kutwa na mwenye umeme wa kukatika hovyo hawezi kuishinda hatari ya bruda. Lakini hatari ya mama anaweza kuishinda kwa tenga moja.

| Jambo | Kwa mama | Kwenye bruda |
|---|---|---|
| Idadi kwa mara moja | 12 hadi 15. Akipewa wa kupanga hufika 20 au 25 sehemu ya joto | 50 hadi 200 bila shida |
| Joto | Bure | Umeme au mkaa, wiki 2 hadi 5 |
| Kazi ya usiku | Kufunga mlango | Kuamka angalau mara mbili wiki ya kwanza |
| Adui mkubwa | Ndege, wanyama, utitiri | Baridi, kulaliana, kuhara damu |
| Kurudi kutaga | Polepole | Haraka |
| Umri wa vifaranga | Mchanganyiko, usipopanga | Mmoja |

Ukichagua mama, mfungie

Kwa kundi lisilozidi matetea kumi na tano, mama aliyefungiwa wiki nne ndiye bora. Sisemi mama anayezurura, mama aliyefungiwa. Tenga lile lile la kusukwa linalotumika kusafirishia kuku, likipinduliwa na kuwekewa jiwe juu, linatosha siku kumi za kwanza. Baadaye mhamishie kizimba cha mita 1 kwa mita 2, chenye wavu wa matundu madogo pande zote na juu, na kipande cha bati au turubai kufunika nusu ili wapate kivuli na pa kukimbilia mvua.

Kazi ya mama huanza kabla ya kuatamia. Okota mayai kila siku, andika tarehe kwa penseli, acha yai moja la alama kiotani ili asihame. Hifadhi mayai mahali pa baridi ya kawaida, si kwenye friji, ncha nyembamba ikiangalia chini, yasizidi siku saba. Yai lililokaa wiki tatu kiotani likipata joto na kupoa kila siku ndilo linalooza katikati ya kuatamia na kuchafua mengine. Akianza kung'ang'ania, mwekee kwa mkupuo mmoja, jioni, mayai yasiyozidi 13 kwa kuku wa umbo la kawaida.

Kiota kiwe sentimita 35 kwa 35, chini kiwe na mchanga mkavu uliochanganywa na majivu, juu nyasi kavu zilizokunjwa umbo la bakuli. Kabla hajalala, mshike, pekua chini ya mbawa na kuzunguka mkia. Ukiona vitu vidogo vinatembea, mpake dawa ya unga ya utitiri iliyoandikwa ya kuku, na urudie baada ya siku kumi. Makoo wengi wanaosemwa ni wabaya kwa kuacha mayai siku ya kumi na tano wamefukuzwa na utitiri.

Siku ya saba usiku, pima mayai kwa tochi ya simu. Kunja kiganja kuzunguka kioo cha taa, weka upande mpana wa yai juu yake. Lenye uhai lina doa jeusi na mishipa myekundu inayosambaa kama miguu ya buibui. Jeupe tupu halina mbegu, litoe. Lenye pete ya damu limekufa, litoe pia. Ukiwa umelaza makoo wawili siku moja, unaweza sasa kukuta mayai 20 mazima kati ya 26: mpe mmoja 13, mwingine 7 na baadaye umwongezee vifaranga wachache wa siku moja kutoka kwa muuzaji.

Kumwongezea mama watoto wa kupanga kunawezekana, ila kuna muda wake. Fanya usiku, gizani, ndani ya siku mbili tatu za kuangua, na wageni wawe na umri sawa na wake. Wasukume mmoja mmoja chini ya tumbo, toa wake wawili watatu na kuwachanganya. Asubuhi na mapema rudi uangalie. Akimdonoa mmoja kichwani, mtoe huyo haraka. Baada ya siku ya nne mama amekwisha wajua wanawe, atawaua wageni.

Chakula cha kizimba chenye mama na vifaranga kiwe starta, chakula cha kuanzishia vifaranga. Usiwawekee chakula cha kutagia: kina chokaa nyingi ambayo huharibu figo za kifaranga. Tatizo ni kwamba mama hula starta yote. Dawa yake ni kizuizi cha fito zenye nafasi ya sentimita 4 hadi 5. Vifaranga wanapita, mama anabaki nje akila pumba na majani yake.

Ukichagua bruda, jenga duara

Kata ubao mwembamba wa dari au hardibodi, kimo cha sentimita 45 hadi 50, uukunje uwe duara la kipenyo cha mita 1.5 kwa vifaranga 50. Funga kwa kamba au vibanio ili kila wiki ulipanue. Duara halina kona, kwa hiyo kulaliana kunapungua hata umeme ukikatika.

Mwaga maranda makavu sentimita 5. Vumbi la mbao la msumeno halifai, kifaranga hulila na kuziba kibofu cha chakula. Siku tatu za kwanza tandika juu yake gunia safi au boksi lililochanwa upande wa mikunjo, miguu ipate kushika. Washa moto muda wa saa nne kabla hawajafika. Waliosafiri wape kwanza maji yenye kijiko kimoja cha glukosi kwa lita, uwachovye midomo watatu wanne, wengine wataiga. Chakula kiwekwe baada ya saa moja au mbili.

Kipimajoto kizuri kuliko vyote ni vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa na kulia kwa sauti kali, ni baridi. Wakijibanza ukutani, midomo wazi, mbawa zimelegea, ni joto. Wakihamia upande mmoja wote, kuna upepo unaopita upande wa pili, tafuta tundu. Waliotawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wakinyoosha shingo, wako sawa. Nenda saa tano usiku na saa kumi alfajiri, zima tochi kwanza, usikilize. Kimya chenye minong'ono midogo ni kizuri.

Chakula: kifaranga wa chotara atakula kama kilo 2 mpaka wiki ya nane, hivyo gunia la kilo 50 linatosha 25, si 50. Hapa ndipo wengi wanapokwama wiki ya tano, pesa imeisha, wanahamia pumba tupu, na vifaranga wanaanza kudonoana na kunyofoana manyoya.

Unyevu upime kwa mkono. Chukua maranda kiganjani, yabane, ufungue. Yakibaki donge, yamelowa: toa sehemu hiyo, inua chombo cha maji juu ya tofali, ongeza makavu. Ukiona kinyesi chenye damu na vifaranga waliovimba manyoya macho yamefumba, anza amproliamu kwenye maji siku hiyo hiyo, kwa kipimo cha kwenye pakiti, siku tano hadi saba, huku ukikausha sakafu. Dawa bila kukausha ni kazi bure.

Banda huamua nusu ya mambo

Banda lililoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya fito zenye mwanya wa sentimita 2, ni zuri kwa wakubwa: kinyesi huanguka chini, banda hukaa kavu, nguchiro hapati pa kuingilia kirahisi. Kwa vifaranga ni baya. Miguu hupenya, na upepo unapanda kutoka chini usiku. Mwenye banda la namna hii atandike kona moja kwa ubao au mkeka mzito na maranda juu, amzungushie mama na watoto wake. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye oili chafu. Siafu wakipata njia usiku mmoja hawaachi kifaranga.

Banda la chini lenye sakafu ya saruji na maranda ya sentimita 8 hadi 10 hufaa njia zote mbili, lakini linadai nidhamu ya kugeuza maranda kila siku chache na paa lisilovuja. Kwa matetea kumi na jogoo mmoja, mita 1.5 kwa 2 inatosha, fito za kulalia za sentimita 4 hadi 5 kwa unene, sentimita 20 kwa kila kuku, na viota viwili au vitatu vilivyo chini kuliko fito. Viota vikizidi fito kwa kimo, watalala humo na mayai yatachafuka.

Kwa bruda na kuku wakubwa ndani ya banda moja, weka ukuta kamili, si wavu. Ndoo ya kulishia na viatu vitofautiane. Wahudumie vifaranga kwanza, wakubwa baadaye.

Chanjo

Ratiba ya bruda ni rahisi kwa kuwa umri ni mmoja: mdondo (kideri) siku ya 7, gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, ndui kwenye ngozi ya bawa wiki ya sita hadi ya nane. Chanjo za kwenye maji zinyweke zote ndani ya saa mbili, asubuhi, baada ya kuwanyima maji saa moja. Maji ya bomba yenye dawa huua chanjo. Tumia ya kisima au ya mvua, au changanya gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita.

Walio na mama huwa wa umri tofauti tofauti, na hapo ratiba ya siku kwa siku inashindikana. Kwa hao chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayotengenezwa Kibaha, ndiyo inayofaa: tone moja jichoni kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kila miezi mitatu. Huvumilia joto kuliko Lasota, chanjo nyingine ya mdondo, lakini hiyo haina maana ya kuiacha juani. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kundi lako, basi panga siku moja na majirani. Jirani ambaye hakuchanja ndiye mlango wa mdondo uani kwako.

Siku ya kuwachanganya

Vifaranga wa mama huingia kundini wakiwa nyuma yake, na yeye huwatetea. Wa bruda huingia bila mtetezi. Usiwaachie ghafla wakiwa na wiki nane. Wakubwa watawadonoa kichwani mpaka damu itoke, na damu ikishatoka hawaachi. Wawekee kizimba cha wavu ndani ya uwanja wa wakubwa siku saba hadi kumi, waonane bila kugusana. Kisha wapandishe kwenye fito usiku, wote wakiwa wamelala. Asubuhi ile mwaga chakula sehemu tatu badala ya moja, na weka chombo cha pili cha maji mbali na cha kwanza, maana mtetea mkorofi huweza kulinda chombo kimoja kutwa nzima, hawezi kulinda viwili. Akiendelea kuwafukuza, mfungie yeye peke yake siku tatu. Akirudi, anakuta wengine wameshazoeana.